Makubazi Yasiyouma

Pea ya kumi na moja ilimuuma Esnath kuliko kumi zilizotangulia. Hata darajani alikuwa hajafika, na mkanda wa kidole gumba ulishamchuna ngozi pale pale palipochunwa jana. Akasimama kando ya njia, akainama kama mtu anayetoa kijiwe kiatuni, akapuliza kidole. Kisha akaendelea kupanda kwenda Lufingo, ambako hakuwa na shida yoyote na mtu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya nyumba ya Jotham fundi viatu. Hapa Tukuyu mvua zikipungua, kuanzia Agosti, mabuti huoshwa na kuangikwa ukutani, na wanawake hutaka miguu yao nayo ione jua. Kuna harusi, kuna vipaimara, kuna mabinti wa kuagwa. Kubazi jipya la ngozi, la fundi mwingine yeyote, litakuuma wiki mbili kabla ya kukuzoea. La Jotham ulilivaa asubuhi na jioni ukacheza nalo. "Jotham ana mikono ya baraka," wanawake walisema. Mikono! Mikono ilikata na kushona tu. Ulaini ulitoka kwenye miguu ya mkewe, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akiivaa kila pea kutwa nzima, ikishapakwa mafuta ya ng'ombe, akitembea nayo milimani mpaka ngozi ikubali kukunjika. Mguu wake ulikuwa namba thelathini na tisa. Pea za thelathini na nane alijisukumia humo, za arobaini alizifunga kwa kitambaa.

Ili jasho lisiache alama, ndani ya kiatu alitandika jani kavu la mgomba lililokatwa kwa kipimo cha unyayo. Akirudi jani linatupwa, Jotham anapangusa, anapiga rangi kidogo kwenye kingo za soli, na kiatu kinakwenda sokoni kikiwa kipya. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini mke wa fundi kila siku ana safari, na kila safari ana viatu vingine. Watu huona wanachotaka kuona.

Safari hii kazi ilikuwa ya kwaya ya akina mama wa usharika: pea kumi na mbili za ngozi rangi ya maziwa, za kwenda nazo Mbeya kwenye sikukuu ya kwaya, ambako wangeandamana kwa miguu kuzunguka mji wakiimba. Esnath mwenyewe alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya hiyo. Pea yake haikuwamo katika zile kumi na mbili. Jotham alisema itatoka kwenye vipande vitakavyobaki, na vipande havikubaki.

Alipofika juu, mvua ikampiga. Ilikuwa Septemba, lakini mvua ya Rungwe haina kalenda. Jani kavu likaloa, likasagika kama ugali. Esnath akaingia kwenye shamba la watu, akachuma jani bichi, akalikata kwa meno, akalitandika ndani. Alipoanza kurudi akabadili, akavaa pea ya kumi na mbili, ya mwisho, aliyoibeba kwenye mfuko, nayo akaitandikia jani lile lile bichi. Sasa, mtoto yeyote wa huku anajua utomvu wa mgomba. Ukienda kukata mkungu wa ndizi unavua shati jema, kwa sababu utomvu ukilowa hauonekani, ila ukikauka unakuwa mweusi na hautoki mpaka shati lifie mwilini. Esnath alijua. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hujua mambo mengi bila kuyakumbuka.

Jotham alipeleka mzigo jioni ile ile, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo.

Jumatatu saa sita mchana Hellen, mwenyekiti wa kwaya, alisimama mbele ya kibanda cha Jotham karibu na soko. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio watu waliouogopa. Nyuma yake alikuwapo Doreen, katibu wa kwaya, na gunia. Hellen alitoa pea mbili, akazipanga juu ya meza ya kazi.

"Jotham, hii ni nini?"

Ndani ya kila kiatu, juu ya ngozi rangi ya maziwa, palikuwa na alama nyeusi ya unyayo: kisigino, ukingo wa mguu, na vidole vitano vilivyojipanga vizuri.

"Ah, Mama Mwenyekiti, hiyo itakuwa gundi."

"Gundi ina vidole?"

Lukasi, fundi wa kibanda cha pili, akaacha kupiga nyundo. Wauza parachichi wawili wakasogea. Na kama mambo mabaya yanavyopenda kukutana, Esnath naye akatokea wakati huo huo, amebeba bakuli la mbalaga, zile ndizi zilizopikwa na nyama, chakula cha mchana cha mumewe. Alichechemea kidogo. Macho ya Jotham yakaenda kwenye miguu yake, kisha kwenye meza, kisha kwa Lukasi, ambaye alikuwa ameanza kutabasamu.

"Unatuuzia mitumba, Jotham?" Hellen aliuliza. "Tumewaacha watoto bila madaftari ili tununue viatu vipya, wewe unatupa vilivyovaliwa?"

"Ni mke wangu," Jotham akasema.

Alilisema haraka, kama mtu anayerusha kaa la moto lililomwangukia mkononi.

"Nikimaliza kushona naweka ndani. Yeye huvichukua, anavaa, anatembea navyo. Nimemkanya mpaka nimechoka. Si mnajua wenyewe, akiona kitu kizuri hana subira."

Esnath alibaki ameshika bakuli. Angeweza kusema. Kwa nini hakusema? Kwa sababu mke havui nguo za mumewe sokoni. Kwa sababu ada ya shule ya binti yao Asifiwe ilitoka kwenye makubazi hayo. Na, tuseme ukweli, kwa sababu alikuwa hajaamini masikio yake.

"Dada Esnath," Hellen alisema, na sauti yake ilikuwa laini kabisa, "wewe ni mwimbaji mwenzetu. Si ungetuambia tu kwamba unavitamani? Tungekuchangia."

Wauza parachichi walitazama chini. Doreen akamwaga pea nyingine kumi kutoka kwenye gunia, zote, safi na zisizo safi. Nani angejua nyingine zilivaliwa mara ngapi? Jotham aliapa kuzishona upya, mikanda mipya na ngozi mpya ya ndani. Esnath akaweka bakuli juu ya meza, akageuka, akaondoka. Nyuma yake alimsikia Lukasi akiuliza kama mama ameshapata saizi yake.

"Ulitaka niseme nini?" Jotham aliuliza nyumbani, Msasani ya hapa hapa Tukuyu, huku akivua koti. Hakuwa mtu mbaya. Hakunywa, hakupiga, na Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani. Lakini woga ukimwingia mtu mwema humfanyia kazi ile ile unayomfanyia mtu mbaya.

"Ukweli," Esnath alisema. Miguu yake ilikuwa ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Ukweli ni kwamba kila kubazi nililouza mji huu limevaliwa kwanza. Nikisema hivyo, Mama Asifiwe, kesho nani ananunua? Lukasi? Tutakula nini?"

"Kwa hiyo tule jina langu."

"Maneno ya sokoni hayadumu. Wiki mbili watu wamesahau."

"Baba Asifiwe, umeniita mwizi mbele ya watu."

"Sikusema mwizi."

"Mtu anayechukua vya watu akavivaa kwa siri, huko sokoni kwenu anaitwaje?"

Jotham alikaa kwenye kigoda, akaanza kukwangua gundi iliyokauka kwenye kucha zake, kucha moja baada ya nyingine.

"Utakwenda pale pale," Esnath alisema, "mbele ya wale wale. Useme ulinituma wewe. Sitaki kitu kingine."

"Nipe muda."

"Chukua. Mimi sina pa kwenda."

Muda ukachukuliwa. Siku ya pili yake Doreen alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti, akakataa chai. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa chekechea, na kazi ile ilikuwa kubwa kuliko umri wake.

"Mama Asifiwe, shikamoo. Wamesema... kamati imesema upumzike kidogo. Siyo kufukuzwa. Ni kupumzika tu mpaka upepo utulie."

"Kupumzika nini, mwanangu?"

"Kuimba."

Esnath alicheka, na Doreen akashtuka. Miaka kumi na moja hakuna mtu aliyewahi kumwambia apumzike. Leo wanamwambia, na wamechagua jambo moja ambalo halikuwahi kumchosha.

Ijumaa kulikuwa na msiba kwa jirani. Wanawake walikaa kwenye mkeka ndani, viatu vikiwa vimevuliwa mlangoni, kama desturi. Esnath alipoingia, nafasi iliyobaki ilikuwa karibu na mlango. Akakaa. Baada ya muda mwanamke mmoja aliinuka polepole, kama anayekwenda kupasha maji, akachukua viatu vyake mwenyewe pale mlangoni, akavihamishia chini ya goti lake. Mwingine akamfuata. Wimbo wa maombolezo haukukatika. Asifiwe, aliyekuwa akigawa uji, aliona yote. Msichana wa miaka kumi na sita huona hata yale asiyopaswa kuona. Akaweka birika chini, akaenda kusimama nyuma ya mama yake mpaka ibada ikaisha.

Njiani alisema, "Mama, mimi nitasema. Nitasimama kanisani niseme."

"Wewe hukunitukana. Kwa nini useme wewe?"

Jumamosi jioni Jotham alipanga pea kumi na mbili mpya sakafuni. Zilikuwa nzuri. Mishono ilinyooka, mikanda iling'aa, na ilikuwa migumu kama gome la mti.

"Mama Asifiwe," alisema, bila kumtazama, "mazoezi yao ya kuandamana ni Jumanne. Ukianza kesho baada ya ibada..."

"Umeshasema?"

"Bado. Nangoja siku ambayo Lukasi hayupo."

"Basi na miguu yangu inangoja siku hiyo."

"Hivi unataka tuaibike tena?"

"Tuaibike? Wewe umeaibika lini?"

Jotham alijaribu kuingiza mguu wake mwenyewe kwenye pea ya arobaini, mguu mpana wa mtu aliyekua akitembea peku kijijini Nkunga, na mkanda ukakatika kwenye mshono. Akaushona tena. Kisha akaangaza macho chumbani.

"Asifiwe, mwanangu, hivi mguu wako ni namba ngapi siku hizi?"

"Thubutu!" Esnath alisema kutoka jikoni.

Hakurudia swali. Jumatatu alipeleka makubazi kama yalivyokuwa, akaomba Mungu.

Jumatano saa kumi alasiri walikuja saba, wakipanda kichochoro kwa kuchechemea, wote wamevaa kandambili, Hellen mbele. Mkononi alikuwa na makubazi yake, na Doreen alibeba gunia lenye pea za wengine. Jotham alikuwa uani anachanganya gundi. Esnath alikuwa kwenye benchi anachambua maharage, na hakuinuka.

"Hodi humu ndani."

"Karibuni, Mama Mwenyekiti," Jotham alisema. "Asifiwe, leta viti."

"Tukikaa hatutainuka." Hellen akainua sketi kidogo, akaonyesha kisigino. Ngozi ilikuwa imechunika upana wa jani la chai, na kwenye kidole gumba palikuwa na lengelenge lililopasuka. "Jana tumeandamana kutoka kanisani mpaka sokoni tu, Jotham. Sokoni tu! Tumerudi tumeshika viatu mikononi, watu wanatucheka. Jumamosi ni Mbeya, kutwa nzima."

"Ngozi mpya, Mama, inahitaji..."

"Zile za kwanza zilikuwa ngozi mpya. Nilijaribu zangu nyumbani, hazikunigusa. Ngozi ni ile ile, fundi ni yule yule. Umebadilisha nini?"

Jotham akakoroga gundi. Kijiti kilizunguka mara tatu, mara nne. Asifiwe alisimama mlangoni ameshika kiti, na Esnath alikuwa ameacha kuchambua. Siku tisa alikuwa akisubiri, na sasa alijikuta hata hamtazami mumewe. Alitazama maharage.

"Zile za kwanza alizivaa mke wangu," Jotham alisema.

"Hilo tunalijua. Ndiyo maana tulizirudisha."

"Nilimtuma mimi." Akaacha kukoroga. "Hakuchukua kitu. Mimi ndiye ninayempa, azivae, azilainishe. Siyo hizo tu. Zote. Toka nilipofungua kibanda."

"Zote?"

"Hata zile ulizovaa kwenye sendofu ya kumuaga mwanao, Mama Mwenyekiti. Alikwenda nazo Lufingo mara mbili."

Hellen alitazama miguu yake, kisha akamtazama Esnath. Halafu Doreen akapiga makofi. "Kumbe!" alisema. "Kumbe ni Mama Asifiwe!" Na wote wakaanza kusema kwa pamoja, wakicheka, wakishikana mabega. Na mimi nasema siku zote, hivi Jotham ana dawa gani? Ndaga fijo, mama, asante sana, kumbe ni miguu yako iliyotubeba! Mmoja alisema ile pea yake ya Pasaka ilikuwa kama soksi.

"Dada Esnath," Hellen alisema, akimshika mkono, "na sisi tukakuwazia mengine." Hiyo ndiyo ilikuwa kuomba radhi. Kisha akainama, kwa uangalifu kama mtu anayelaza mtoto, akaweka makubazi yake mbele ya miguu ya Esnath. "Anza na haya, mama. Mimi ndiye ninayesimama mbele."

Doreen akafungua gunia. Pea zikashuka moja moja, kila mmoja akitafuta yake na kuiweka kwenye mstari. Yangu, dada, inabana hapa kwenye kidole kidogo. Yangu kisigino tu. Mstari ukafika kwenye beseni la maharage.

Esnath alikuwa amefikiri kwamba siku hii ikija atalia. Jina lake lilikuwa limerudi, lote, safi, mbele ya mashahidi saba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na hawa walikuwa wanampa usufi huo kwa mapenzi kabisa. Akahesabu viatu ishirini na vinne.

"Na kuimba?" aliuliza.

"Utarudi, bila shaka!" Hellen alisema. "Ila Jumamosi hii... mistari imeshapangwa, na wewe huna makubazi ya sare. Safari ijayo, Mungu akipenda."

Esnath akavua kandambili zake. Akainua miguu yote miwili, akaiweka juu ya benchi, palipokuwa na jua. Ukucha wa kidole gumba cha kushoto haukuwepo. Vidole viwili vilikuwa vimepandana. Juu ya nyayo, makovu ya mikanda yalikuwa yamepita moja juu ya jingine, meupe, mekundu, meusi, na lile la pea ya kumi na moja lilikuwa bado linatoa maji. Cheko likakatika. Doreen akageuza uso.

"Hii imemaliza," Esnath alisema. Hakupandisha sauti. "Haitavaa kiatu cha mtu tena."

"Lakini mama, Jumamosi ni siku tatu tu..."

"Nilipoolewa nilimkuta baba mkwe wangu, marehemu Andongwisye, akishona viatu. Alikuwa analainisha kwa mikono. Mafuta, chupa, anakanda mkanda mmoja mmoja mpaka unalala. Akamfundisha mwanawe." Akamgeukia Jotham. "Baba Asifiwe, umesahau?"

"Sijasahau," Jotham alisema. "Lakini pea moja inakula saa tatu."

"Mimi ilinila kutwa."

Wanawake walimtazama Jotham. Jotham akazitazama pea.

"Na utashona ya kumi na tatu," Esnath alisema. "Rangi ya maziwa, thelathini na tisa. Jumamosi naimba."

Hellen alifungua mdomo. Akatazama tena ile miguu juu ya benchi, akafunga mdomo, akajifunga vizuri kanga yake kiunoni. "Sauti ya pili ilikuwa imepwaya kweli," alisema mwishowe, na akaanza kuteremka kichochoro, wengine wakimfuata kwa kuchechemea.

Ijumaa mchana Jotham alikuwa bado uani. Alianza Jumatano ile ile, Alhamisi akafanya kazi toka alfajiri mpaka giza, na hii ilikuwa siku ya tatu. Alipaka mafuta, akauzungusha mkanda kwenye chupa ya soda, akavuta, akasukuma, akaukunja, akaukunjua. Viganja vyake vya fundi, alivyodhani vimekomaa kwa kila kitu, vilikuwa vimejaa malengelenge, na mawili yalikuwa yamepasuka. Asifiwe alimpelekea maji ya kunywa, akayapokea kwa mikono miwili kama mzee.

Esnath alitoka na kiti, akakaa juani, akanyoosha miguu. Alikuwa ameipaka samli na kuifunga vitambaa safi. Kwa muda mrefu alimtazama mumewe akikanda. Alimwonea huruma, hakukataa nafsini mwake, na huruma hiyo ilimchosha kama yalivyomchosha yale mengine yote.

"Zimebaki ngapi?"

"Tano."

"Yangu imo?"

Jotham alisita. Akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Imo. Nimeiweka mwisho."

"Anza nayo," Esnath alisema.

Jotham alitazama viganja vyake. Kisha akaiweka chini pea ya Mama Mwenyekiti aliyokuwa ameishika, akanyoosha mkono mpaka mwisho wa mstari, akaichukua ile ya thelathini na tisa.